Kitambaa Alichokikataa

Asubuhi ile Msumari alijipaka mafuta ya midomo, akayafuta, akajipaka tena, kisha akayafuta kabisa kwa hasira. Mnunuzi hajipambi kwa ajili ya muuzaji. Hiyo ilikuwa sheria ya Mjomba, na sheria za Mjomba zilikuwa nyingi kuliko masofa ya kiwanda chake.

Jina la Msumari alipewa na wauzaji. Kiwanda kilinunua kila kitu kupitia kwake: mbao, sponji, gundi, nyuzi, vitambaa. Wauzaji walikuja na maneno matamu, na kalenda za ukutani zenye picha za maporomoko ya maji, na wakaondoka na kalenda zao. "Yule binti ni msumari," walisema getini. "Hapindi." Mjomba alipolisikia jina hilo alicheka mpaka akashika mbavu, na tangu siku hiyo naye akawa anamwita hivyo hivyo. Hakuna aliyejiuliza kama msumari wenyewe unafurahia kukaa ndani ya ubao.

Chumba cha ununuzi kilikuwa na dirisha moja lenye nondo, rafu za sampuli zilizofika darini, meza, na kiti cha ofisini chenye magurudumu, kilichofunikwa mtandio kila wauzaji walipokuja. Mlango ulipaswa kubaki wazi kila muuzaji anapokuwa ndani. Hiyo nayo ilikuwa sheria.

Na utaratibu ulikuwa hivi: muuzaji aliyeshindwa zabuni hurudi kuchukua sampuli zake. Msumari humkabidhi kwa mkono wake, humwambia asante na karibu tena, basi. Bwana Sampuli, muuzaji wa kampuni moja ya vitambaa, alikuwa ameuzoea utaratibu huo kuliko mtu yeyote. Tangu aanze kuja pale, hakuwahi kushinda hata mara moja.

"Hodi."

"Karibu."

Aliingia na mkoba wake mkubwa, yule mwanamume mrefu ambaye bega lake moja lilikuwa limeshuka kidogo kwa ajili ya mkoba huo huo. Macho yao yakakutana, yakakaa pamoja muda mrefu kuliko ilivyoruhusiwa. Msumari akageuka akatazama mlango.

"Umelala?" Bwana Sampuli alinong'ona.

"Kidogo. Sauti yako ilikuwa bado sikioni."

Hatua zikasikika koridoni.

"Bei yenu iko juu, kaka!" Msumari akapaza sauti. "Wenzenu wanashusha, nyie mnapandisha."

"Uzi umepanda, dada. Tutafanyaje?"

Mhasibu wa kiwanda akapita na faili lake kwapani bila kugeuza shingo. Hatua zikafifia. Wote wawili wakauma midomo wasicheke.

Hawakupendana kwenye meza hiyo. Walipendana hospitali, Jumamosi moja, kabla hata kitambaa cha kwanza hakijaletwa kiwandani, Msumari amempeleka mama yake na Bwana Sampuli amempeleka baba yake, wakajikuta kwenye benchi moja. Hapakuwa na mkoba wala bei kati yao. Bwana Sampuli alimletea mama maji ya kunywa, akawasimulia jinsi alivyoanza kazi akiwa mpakiaji wa mizigo, akawa utingo wa lori, akaingia ghalani, akapanga safari za malori, na mwisho ndiyo akaanza kuuza. "Mimi ukinifungia mlango naingilia dirishani," alisema, na Msumari akacheka kicheko ambacho hakujua kwamba bado anacho. Tangu hapo zikaanza simu za kunong'ona chini ya shuka.

"Sampuli zako nimeziweka juu," alisema sasa, akipanda kwenye kigoda. "Subiri."

"Acha nikuvutie kiti pembeni, usije ukakiangukia."

Msumari alitaka kusema usikiguse. Alichelewa. Magurudumu yalibingirika, mtandio ukateleza, na alipogeuka amekumbatia vitambaa, Bwana Sampuli alikuwa ameinama, anapitisha kidole kwenye mgongo wa kiti.

"Hiki ni changu."

"Kiti?"

"Kitambaa. Usinijibu kama mnunuzi."

Msumari akashuka kigodani taratibu.

"Kilifumwa kipande kimoja tu, cha majaribio," Bwana Sampuli alisema. "Huu mstari wa kijivu mafundi waliukosea, haukurudiwa tena. Ndicho kitambaa cha kwanza kabisa nilichokuletea. Ukaniandikia kwamba kinachuja."

"Shusha sauti, tafadhali."

"Jua la dirisha hili linakipiga kila siku. Unakikalia kila siku. Bluu yake ni ile ile niliyoileta. Kimechuja wapi? Nionyeshe."

Msumari aliviweka vitambaa mezani, akaanza kuvinyoosha kingo zake, ingawa vilikuwa vimenyooka.

"Na vile vingine?" Bwana Sampuli akauliza. "Cha maua? Kile cha kijani?"

"Vilikuwa vizuri."

"Vyote?"

"Vyote."

Bwana Sampuli alikaa kwenye kona ya meza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Nani amekulipa?"

"Hakuna aliyenilipa! Wewe unanijua."

"Nilidhani nakujua. Sasa kwa nini?"

"Kwa sababu nakupenda."

Hatua zikarudi koridoni. Msumari akainua sauti. "Na usafiri je, kaka? Nani anabeba gharama?"

"Usafiri juu yetu, dada," Bwana Sampuli alijibu, na sauti yake ikakatika katikati.

Mhasibu akapita. Msumari alisubiri mpaka aliposikia mlango wa mwisho wa koridoni, kisha maneno yakamtoka kwa pupa, kama mtu anayeogopa kuzuiwa.

"Ningekuchagua, wangesema nimekuchagua kwa mapenzi. Nikikishika kitambaa chako najiuliza, ni kizuri kweli, au ni kizuri kwa sababu ni chako? Sijiamini. Nikaona salama ni kukukata. Nikikukata hakuna anayeuliza. Mjomba ananisifu. Halafu nikirudi hapa najichukia. Kile cha kwanza nilishindwa kukurudishia, nikakivika kiti mwenyewe, ili angalau..."

"Ili angalau nini?"

"Ili angalau kitu chako kimoja kikae na mimi."

Bwana Sampuli aliinua macho akamtazama. Kulikuwa na mapenzi machoni mwake, hilo Msumari aliliona, na ndilo lililomuumiza zaidi, maana lilikuwa limechanganyika na kitu kingine.

"Wenzangu wakipendwa wanapewa maua," alisema mwishowe. "Mimi nimepewa barua za kukataliwa."

"Nisamehe."

"Sikiliza. Kiwandani kwetu kuna mzee mmoja, fundi wa rangi. Barua zako zote zinasema kinachuja, kinachuja. Mimi ndiye niliyezipeleka kwa wakubwa. Mimi, kwa mdomo huu, nikapiga meza nikasema mzee amechoka, rangi haishiki. Wakamtoa kwenye mapipa ya rangi. Siku hizi anafungua geti. Kila asubuhi nampa shikamoo, ananiitikia marahaba mwanangu, wala hana kinyongo. Na kumbe hakukosea kitu."

Msumari alijishika mdomo. Alikuwa amefikiri uongo wake unakula watu wawili tu.

"Alhamisi mnafungua bahasha za zabuni ya vitambaa vya mwaka mzima," Bwana Sampuli aliendelea. "Nikikosa na hiyo, wakubwa wangu wanalifunga eneo hili la mauzo. Mimi napelekwa tawi la mbali, kupanga safari za malori."

"Mbali wapi?"

"Mbali. Unashinda barabarani na bado hujafika." Alisimama, akaupachika mkoba begani. "Lakini usinionee huruma. Mimi nitaishi. Nimebeba, nimepanga, nimeuza. Kesho wakiniambia nihesabu, nitahesabu. Wewe je? Mjomba wako akiufunga mlango huu leo, utakwenda kufanya nini?"

"Mimi najua kununua."

"Wewe unajua kukataa. Hiyo ni nusu ya kununua."

Neno hilo lilizama mahali ambapo maneno ya wauzaji wote hayakuwahi kufika. Bwana Sampuli aliona, akalainisha sauti.

"Sikuombi uninunue. Nikishindwa kwa haki nitaondoka napiga mluzi. Ila usinikate tena kwa uongo. Sema kweli."

"Kwa nani?"

"Unajua kwa nani."

Akaviacha vitambaa mezani. Mlangoni aligeuka, akasema kwa sauti ya kusikika koridoni nzima, "Asante, dada. Karibu tena," maneno ambayo kwa kawaida yalikuwa ya Msumari.

*

Jioni alirudi nyumbani ndani ya gari la Mjomba. Alikwenda nalo kazini, alirudi nalo, siku zote akikaa kiti cha mbele, mkoba magotini, huku Mjomba akisimulia na yeye akiitikia.

Mjomba alianza maisha akishona makochi chini ya kibanda cha mabati. Mpaka leo hakutembea bila leso nyeupe mfukoni. Akikuta kitambaa kigeni, hata kwenye ukumbi wa harusi, aliilowesha leso, akasugua, akaitazama. Leso ikibaki nyeupe, kitambaa ni kitambaa. Msumari alifundishwa kipimo hicho kabla hajajua kuandika jina lake.

"Mjomba," alianza, "nilikuwa nafikiria. Mama Ghala anatafuta msaidizi."

"Atapata."

"Nilikuwa nafikiria mimi."

Mjomba alicheka. "Nikusomeshe mpaka chuo, ukahesabu mbao?"

"Nijifunze na upande huo. Mzigo unavyoingia, unavyopangwa, unavyotoka. Tangu nimalize masomo nimekaa chumba kile kile. Sijui hata lori letu linapita njia gani."

"Na kwenye ununuzi nimweke nani? Mgeni?" Mjomba hakuwa akicheka tena. "Nilimweka rafiki yangu, chanda na pete. Wauzaji wakamnunua yeye kabla hajanunua chochote. Sponji ikaja nyembamba, masofa yakarudishwa mpaka yakajaa uani, nikawa naona aibu kupita dukani kwangu mwenyewe. Siku hiyo nikasema, kiti kile hakikai mtu ila damu yangu. Wewe ndiye jicho langu, mwanangu. Umeona wapi jicho likahamia mguuni?"

Alisema kwa upendo wa kweli, na huo upendo ndio uliokuwa kufuli. Mtu akikufungia kwa chuki utavunja mlango. Akikufungia kwa wema unaanzia wapi?

Hakumwambia kwamba aliwahi kujaribu kutoka. Aliomba kazi kwenye kampuni ya vifaa vya hospitali, akaitwa kwenye usaili. Walimuuliza mzigo ukikwama njiani atafanya nini. Walimuuliza muuzaji wake mkuu akifunga biashara ghafla atamgeukia nani, na ghala likijaa atapunguza nini. Kila swali alijikuta anajibu, "Kwetu hilo ningemuuliza Mjomba." Kiwanda kizima kilimjua kwa msemo huo. Wale wasaili hawakumcheka, walitabasamu tu kwa huruma na kumshukuru kwa kufika, na mara ya pili hawakumwita.

Yeye na mama yake walikaa vyumba viwili nyuma ya nyumba kubwa ya Mjomba. Alimkuta mama anakunja nguo kitandani.

"Umegombana naye," mama alisema kabla hajaketi.

"Na nani?"

"Na huyo mnayeongea naye ukijifunika shuka. Mapenzi ni kikohozi, mwanangu, hayafichiki. Nimekusikia unakohoa muda mrefu."

Msumari alijitupa kitandani juu ya nguo zilizokunjwa. "Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Yule kijana aliniletea maji pale hospitali. Nilimpenda kabla yako."

Ikabidi wacheke. Kisha Msumari akamwambia yote: kiti, barua, mzee wa getini, bahasha za Alhamisi. Alipomaliza alishika mkono wa mama yake. "Nataka nimwambie Mjomba. Nisaidie, Mama."

Mikono ya mama ilisimama juu ya shuka.

"Baba yako alipotuacha," alisema taratibu, "kaka yangu alikuja na gari, akapakia vitanda vyetu, hakuuliza swali hata moja. Karo yako ni yeye. Dawa zangu ni yeye. Hata haya mabati yanayotukinga na mvua ni yake. Ukimwaibisha mbele ya watu, mimi nitamtazama kwa uso gani?"

"Kwa hiyo nifanyeje?"

Mama aliichukua blauzi iliyokuwa imelaliwa, akaikung'uta, akaanza kuikunja upya.

"Kohoa kimya," alisema.

*

Alhamisi wauzaji walikaa kwenye benchi refu la ukutani, magoti yamebanana, kila mmoja akijifanya hamjui mwenzake. Bwana Sampuli alikuwa wa mwisho, karibu na mlango. Juu ya meza lilikuwepo sanduku la zabuni, alilolipigilia Mjomba kwa mikono yake. Msumari alikaa kulia kwa Mjomba, Mhasibu kushoto, kalamu tayari.

Alikuwa ameamua kunyamaza. Usiku alikuwa amejiambia, atanyamaza, ataupima kila mzigo kwa haki, atakichagua kilicho bora na liwalo na liwe. Lakini alipomwona Bwana Sampuli akipangusa jasho kwa mgongo wa mkono, alijua hawezi. Akimchagua, atakuwa amempendelea. Akimkata, atakuwa amemwonea. Hapakuwa tena na jibu la haki ambalo lingeweza kutoka mdomoni mwake, na yeye mwenyewe ndiye aliyejifikisha hapo.

Mjomba alisimama na mkasi wake wa kukatia vitambaa.

"Kabla sijakata bahasha, nauliza kama ninavyouliza siku zote. Kuna mtu humu ndani mwenye lake jambo? Mwenye ndugu, mwenye rafiki, mwenye kupewa chochote na mtu wa benchi hili?"

Swali hilo lilianza mwaka ule wa sponji nyembamba, na halikuwahi kujibiwa. Mhasibu siku hizi alikuwa akiandika "hakuna" kabla Mjomba hajamaliza kuuliza.

"Mimi ninalo," Msumari alisema.

Muuzaji mmoja alicheka, akidhani ni mzaha wa kuchangamsha kikao.

"Acha utani, Msumari," Mjomba alisema.

"Si utani, Mjomba. Mmoja wa waliokaa hapa ni mtu wangu. Nataka anioe."

Benchi zima likatazamana. Muuzaji mmoja mzee, mwenye wake wawili tayari, alitikisa kichwa kwa nguvu kuonyesha kwamba si yeye.

Mjomba alimgeukia Mhasibu. "Andika hakuna."

"Nimeshaandika," Mhasibu alisema.

"Basi futa," Msumari alisema.

Alisimama. Akashika ukingo wa meza.

"Ni Bwana Sampuli. Hajanipa kitu, hata soda yake sijanywa. Kosa ni langu. Niliogopa mtasema nampendelea, nikavikataa vitambaa vyake vyote. Niliandika vinachuja. Havikuwahi kuchuja, Mjomba. Tumenunua vya wengine nikijua vyake ni bora."

Alitegemea Mjomba apige kelele. Kelele angeziweza. Badala yake Mjomba alimtazama polepole, na Msumari akalitambua jicho lile kwa jinsi lilivyokuwa likisimuliwa garini: ndilo jicho alilomtazamia rafiki yake wa chanda na pete.

"Mwenye lake jambo anafanya nini?" Mjomba aliuliza kwa sauti ya chini.

"Anatoka nje."

"Basi toka."

Alitoka. Alipompita Bwana Sampuli hakumtazama, maana angemtazama angelia, na hakutaka kulia mbele ya wauzaji. Akaenda chumbani kwake. Kile kiti hakikuwa cha kiwanda; alikiokota kwenye takataka za uani, akakikarabati mwenyewe. Akakitoa nje, akakisukuma koridoni, gurudumu moja likilia njia nzima mpaka ghalani.

Mama Ghala, mwanamke mpana mwenye kalamu ya risasi iliyochomekwa kwenye kilemba, alimtazama kuanzia juu mpaka kwenye magurudumu.

"Umefukuzwa au umehama?"

"Sijui bado."

"Kiti huku hakina kazi. Huku tunasimama." Akamtupia koti la kazi. "Haya, niambie. Sponji iliyoingia mwezi uliopita na iliyoingia jana, itoke ipi kwanza?"

Msumari alifikiri. "Ya mwezi uliopita. Ikikaa sana itaharibika."

"Umeona?" Mama Ghala alisema. "Na hukumuuliza Mjomba."

Bwana Sampuli alimkuta anahamisha marobota, nywele zimejaa vumbi. Alikuwa na bahasha yake mkononi, haijakatwa.

"Nimeiondoa," alisema.

"Kwa nini? Baada ya yote niliyosema!"

"Kwa sababu ya yote uliyosema. Ningeshinda, wangesema umenishindia. Ningeshindwa, ningesema Mjomba wako amenikomoa. Acha niende nikiwa sina shaka na mtu."

"Kwa hiyo unaondoka."

"Naondoka. Lakini kwanza naanzia getini kwetu, kwa yule mzee. Nimwombe radhi."

"Mimi nitawaandikia wakubwa wako," Msumari alisema. "Niseme barua zile nilidanganya. Warudishe mtu wao kwenye mapipa."

"Watakuchukia."

"Wanichukie wakijua ukweli."

Bwana Sampuli alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mtandio. Akanyoosha mkono, akamtoa vumbi kwenye shavu, taratibu, bila kunong'ona na bila kusikiliza hatua za mtu. Ghala lilikuwa wazi upande mzima, watu wanapita na mizigo yao, na Msumari alijikuta anatazama mlangoni kwa mazoea tu.

"Nitakupigia," Bwana Sampuli alisema.

"Piga. Sitajifunika shuka."

Mama Ghala akakohoa kwa makusudi. Marobota yalikuwa bado mengi.

*

Mjomba alikuja watu walipokuwa wakifunga kazi. Hakumsalimia. Alipita katikati ya marobota kama mtu aliyekuja kukagua mbao, akafika kwenye kile kiti, akasimama. Msumari aliacha alichokuwa akikifanya.

Mjomba alitoa leso nyeupe mfukoni, akailowesha kwenye bomba la ukutani, akaikamua. Akainama. Akasugua mgongo wa kiti, mwanzo kidogo, kisha kwa nguvu, mpaka bega likawa linapanda na kushuka, kama anatafuta kitu ambacho lazima akipate. Alipochoka aliikunjua leso, akaipeleka kwenye mwanga.

Ilikuwa nyeupe.

"Hakichuji," alisema.

"Hakichuji, Mjomba."

Mjomba alinyoosha mgongo taratibu. Kwa mara ya kwanza Msumari alimwona amezeeka.

"Mimi nilikuwa natafuta mwizi wa nje," Mjomba alisema. "Sikujua kwamba hata mtu mwaminifu anaweza kunidanganya kwa kuogopa." Akaikunja leso, ikawa ndogo sana. "Chumba cha ununuzi hutarudi."

"Najua."

"Mama yako usimtie wasiwasi. Yule ni dada yangu, hilo halina zabuni."

"Asante, Mjomba."

"Usinishukuru. Bado nina hasira."

Akaanza kuondoka. Karibu na uwazi wa ghala alisimama, mgongo umemgeukia.

"Huyo mtu wako. Akitaka kuja nyumbani, aje na wazee wake. Mkoba wa sampuli auache kwao."

Akaenda. Msumari alisikia gari likiwashwa uani. Likanguruma pale pale kwa muda, kama lilivyokuwa likimsubiri kila jioni, kisha likaondoka bila yeye. Akavua koti la kazi, akalitundika kwenye msumari wa ukutani, akamuuliza Mama Ghala njia ya kwenda nyumbani kwa miguu inapitia wapi.